Kisomo, Redio na Choo cha Shimo

Pwani ya Afrika Mashariki ilijua kusoma kabla ya kengele ya misheni. Watoto wa Lamu na Unguja walikaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na waliofika mbali waliandika tenzi na barua za biashara kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu. Bara palikuwa na jando na unyago, na mhunzi ambaye kijana alianza kwake kwa kuvukuta. Shule ya kikoloni ilikuja na nafasi chache, ikawapita wengi.

Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, aliliona hilo mapema. Watoto, alisema, watachukua miaka mingi kuugusa uchumi. Tuanze na wazazi wao. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa shuleni saa za jioni, misikitini, makanisani na chini ya miembe. Kanda ya Ziwa, ambako UNESCO ilikuwa na mradi tangu 1968, silabi zilifundishwa kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Mwalimu aliweza kuwa kijana wa darasa la saba, na mwanafunzi mjomba wake. Fimbo haikuwa na kazi hapo.

Lakini kwangu kilele ni kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Kwa wiki 12 vikundi vilikusanyika kuzunguka redio, vikasikiliza kipindi cha malaria, kichocho au safura, vikasoma kijitabu, vikabishana, kisha vikakubaliana kazi: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Walioshiriki walikaribia milioni 2. Nayaamini matokeo ya kazi hizo kuliko asilimia za kisomo. Takwimu rasmi zilionyesha wasiojua kusoma wakishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975, ila aliyefaulu jaribio husahau asipopata cha kusoma. Choo kinahesabika.

Cha kusoma kilikuwepo kwa muda, likiwemo gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, fedha zikakauka na madarasa yakapungua. Vilivyonusurika ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza 1975 kwa mfano wa Sweden. Leo hupokea hata wasichana waliokatishwa shule na mimba. Baadhi huja na watoto wao, na chekechea ipo hapohapo.