Kutoka Igoma hadi Ukara: Safari Iliyotukuza Kiimani

Ndugu Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za kale za Ziwa, zisomwe katika mkutano wa mwaka huu wa sisi tuliosoma hapa. Nimechagua habari ambazo si za kale sana, wala si za kufurahisha. Lakini zinatuhusu sisi tuliokwisha kuondoka shuleni, na ninyi vijana mliomo madarasani, maana wengi wenu huja shuleni kwa meli na kwa kivuko. Ni habari za misiba miwili ya majini, na za safari moja ndogo ya Kikristo iliyofuata msiba wa pili.

Hapana budi tuanze mbali kidogo. Ukristo ulifika pande hizi kwa njia ya maji. Mwaka 1877 wamisionari wa kwanza wa CMS walipita hapa wakielekea Buganda, na mwezi Desemba wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe walipoingia katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Mwishoni mwa 1878 Mapadri Weupe walifika Kageye, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Kwa historia hiyo wengi wetu tumezoea kudhani kwamba misheni ni mtu kuvuka maji akiwa na neno la kuwapa wenzake. Nitaeleza jinsi dhana hiyo ilivyopimwa kwa vitendo.

Tarehe 21 Mei, 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka kabla ya kufika bandari ya Mwanza. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Hesabu ya serikali ya waliokufa ni 894. Yaani waliokufa peke yao, bila kuwahesabu waliookoka, walizidi mara mbili idadi iliyoruhusiwa kupanda. Ilielea kwa muda ikiwa juu chini, na ndani yake walikuwamo watu bado hai. Tumbo lake lilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiibeba ilitoka, nayo ikazama. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi ambao hawakutambuliwa na ndugu zao walizikwa Igoma, hapa Mwanza, na kila mwaka watu hukusanyika pale kuwaombea.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Katika ibada za majuma yale maneno yaliyorudiwa mara kwa mara yalikuwa haya: "Ni mapenzi ya Mungu." Yaliwafariji wengi, wala siwalaumu waliyoyasema.

Miaka 22 ikapita. Alhamisi, tarehe 20 Septemba, 2018, ilikuwa siku ya gulio huko Bugolora, Ukerewe. Kivuko cha MV Nyerere kiliondoka kuelekea Bwisya, kisiwani Ukara, kikiwa na watu na mizigo ya gulioni. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakitazama. Waliokufa walikuwa 228, na waliookolewa 41. Mmoja wao, fundi wa mitambo, alitolewa akiwa hai baada ya kukaa ndani ya kivuko kilichopinduka kwa siku mbili. Rais Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo, na mazishi ya pamoja yakafanyika Bwisya.

Mwezi Novemba mwaka huo tulisafiri watu kumi na mmoja kutoka Mwanza, watatu kati yetu tukiwa tumesoma shule hii. Tulipanda meli hadi Nansio, tukaenda kwa gari hadi Bugolora, kisha tukavuka kwa mtumbwi wa injini mlango uleule wa maji. Tulichukua unga, mablanketi, madaftari ya watoto, na ratiba iliyopigwa chapa: mikutano ya injili jioni tatu mfululizo.

Aliyetupokea alikuwa katekista mzee. Aliisoma ratiba yetu yote kwa utulivu, akaikunja, akasema, "Wanangu, asanteni kwa kuja. Lakini mvua imeanza, na wajane hawana watu wa kuwatolea samadi."

Asiyeijua Ukara hataelewa uzito wa maneno yale. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na udongo ni mwepesi. Tangu zamani za mababu Wakara wamezoea kufunga ng'ombe nyumbani, kuwakatia majani, na kubeba samadi kwa vichwa kuirudisha shambani. Shamba lisilotiwa samadi halizai kitu. Basi katika nyumba nyingi samadi ilikuwa imejaa zizini, na aliyekuwa akiibeba amelala makaburini Bwisya.

Kwa siku nne tulibeba samadi. Jioni tuliimba nyimbo mbili tatu pamoja na wenyeji, tukasali kwa maneno machache, tukalala.

Siku ya tatu, tulipokuwa tumepumzika chini ya mwembe, mama mmoja aliyempoteza mumewe na binti yake alituuliza, "Wanangu, ninyi mnasoma Biblia. Watu wananiambia Mungu ndiye aliyetaka. Je, Mungu ndiye aliyekata zile tiketi?"

Hakuna aliyejibu upesi. Ndipo yule katekista akasema, "La, mama. Si yeye." Akatukumbusha habari ya mnara wa Siloamu katika Injili ya Luka, mlango wa 13, ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, na jinsi Bwana alivyokataa kusema kwamba wale walikuwa waovu kuliko wengine. Kisha akataja Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, ambamo mtu ajengaye nyumba anaamriwa kuweka ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya mwenye nyumba. "Mungu angependa watu waanguke," akasema, "asingeamuru ukingo."

Mama alikaa kimya kitambo. Akatuambia kwamba tangu Septemba alikuwa hawezi kuimaliza Sala ya Bwana, maana kila alipofika penye mapenzi ya Mungu sauti ilikatika. Halafu akanyanyuka, akachukua kikapu chake. Usiku ule tuliposali, yeye ndiye aliyetuongoza katika sala hiyo, akaifikisha mwisho.

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, lakini imani yangu ilikua zaidi chini ya mwembe ule. Tulikwenda kufariji, na aliyefunguliwa midomo ndiye aliyetufundisha kusali. Tena nilielewa kwamba idadi iliyoandikwa ubavuni mwa chombo ni ule ukingo wa dari. Kuihesabu na kuitii ni sehemu ya ibada, sawa na kuimba. Anayepitisha abiria wa ziada kisha akasema ni mapenzi ya Mungu, anamsingizia Mungu.

Vijana, siku moja baadhi yenu mtakuwa manahodha, wakaguzi, wakata tiketi, wahandisi, na wachungaji pia. Kumbukeni ukingo. Na hata sasa mkiwa wanafunzi, chombo kikijaa, shukeni. Wenzenu wakiwacheka, wacheni wacheke.

Kwa wazee wenzangu nina pendekezo moja la kujadiliwa mkutanoni. Kila mwaka, tarehe 21 Mei, shule ipeleke wanafunzi Igoma kufyeka majani na kusafisha makaburi, nasi tulipie nauli na mafyekeo. Hotuba zisiwe ndefu.