Nani aliandika? Somo la Lubumbashi, 1986

Tangu kamchezo kangu juu ya ugonjwa wa mozaiki ya muhogo kalipopita kwa televizio moja ya hapa kwetu, wengi munaniuliza: mutu anaanza namna gani kuandika kwa televizio? Mimi niko mutu wa kilimo, si wa teatri. Kwa hiyo mbele ya kutoa shauri nitaanza na historia, tena historia ya nyumbani.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi. Siku moja mezani, juu ya firigisi ya kuku, alisikia msemo kwa Kifaransa: Le pouvoir se mange entier. Ni kusema, utawala unaliwa muzima. Firigisi ni ya mukubwa, na haikatwi vipande. Fabian akauliza maana yake kwa Troupe Mufwankolo, kundi la teatri ambalo watu wa Katanga walilizoea kwa redio na televizio. Wale hawakuishia kumujibu kwa mdomo: wakaamua kuutengenezea mchezo.

Kwanza walikaa pamoja kubishana juu ya ule msemo. Halafu wakapanga visa, kimoja nyuma ya kingine, wakagawana nafasi. Maneno yenyewe hayakuandikwa. Kila mchezaji aliyatafuta mdomoni mwake wakati wa mazoezi, kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mchezo ulipigwa picha katika kijiji cha Kawama, ukapita kwa televizio. Tukumbuke, ilikuwa wakati wa Mobutu na chama kimoja. Kusema juu ya utawala mbele ya kamera haikuwa jambo jepesi. Kuweka mambo kijijini, kwa shefu na watu wake, naona njo kuliwapa nafasi ya kusema.

Leo tunaweza kusoma maneno yale juu Fabian aliyarekodi, akayachapisha katika kitabu mwaka 1990. Bila kaseti, yangebaki hewani.

Mwaka ule ule wa 1986, tarehe 5 Aprili, inchi ilipata Ordonnance-loi no 86-033 inayolinda haki za mwandishi. Mimi sikuijua. Nilipeleka karatasi zangu za muhogo bila jina, bila kopi, bila kontra. Mchezo ulipita, mama jirani alicheka sana, lakini jina langu halikuonekana. Nilipouliza, nikaambiwa: leta ushahidi. Sikuwa nao.

Basi shauri langu ni hili. Anza na swali ambalo watu wanabishania mezani, usianze na mafundisho. Senario yangu ya kwanza ilikuwa somo la darasani, wachezaji wakasinzia. Panga visa mbele ya maneno. Acha wachezaji waseme kwa sauti, wewe rekodi kwa telefone, kisha andika. Tia jina na tarehe kwa kila ukurasa, jitumie kopi kwa imeili. Na usitoe senario mbele ya pande zote mbili kutia sahihi, hata kama ni karatasi moja tu, hata kama ni kwa rafiki.

Sasa niko naandika mchezo wa pili, juu ya shamba ambalo ndugu wawili wanaligombania. Jina langu liko kwa kila ukurasa.