Uzito wa barafu: hatari ya uvuvi wa majira ya baridi

Wavuvi wa bahari za kaskazini, kama vile Iceland na Norway, hawahofii baridi peke yake. Wanahofia pia uzito wa barafu. Hewa inaposhuka chini ya nyuzi sifuri huku upepo ukivuma kwa nguvu, maji yanayorushwa na mawimbi huganda mara tu yanapogusa chombo. Barafu hujijenga kwenye milingoti, kamba na antena. Uzito ukizidi sehemu za juu, chombo hulala upande, huchelewa kuinuka na hatimaye hupinduka. Kwa hiyo mabaharia huipasua barafu kwa nyundo na mashoka usiku na mchana, hupunguza mwendo ili maji yasirushwe mengi, na hutafuta hifadhi karibu na nchi kavu.

Hifadhi hiyo haitoshi kila mara. Tarehe 4 Februari 1968, meli ya uvuvi Ross Cleveland, kutoka mji wa Hull nchini Uingereza, ilikuwa imejikinga ndani ya Ísafjarðardjúp, ghuba iliyoko kaskazini-magharibi mwa Iceland. Tufani ya theluji iliikumba, barafu ikailemea, ikalala ubavu na kuzama. Alisalimika baharia mmoja tu, Harry Eddom. Katika tufani hiyo hiyo, chombo cha Iceland, Heiðrún II, kilipotea na watu wake sita.

Ross Cleveland ilikuwa meli ya tatu ya Hull kupotea katika muda wa wiki chache, baada ya St Romanus na Kingston Peridot. Waliokufa katika meli hizo tatu walikuwa 58. St Romanus haikuwa na mtumishi wa redio, na siku nyingi zilipita kabla ya msako kuanza.

Wanawake wa jamii ya wavuvi, wakiongozwa na Lillian Bilocca, walikusanya saini zipatazo 10,000, wakaenda London kuonana na mawaziri. Madai yao yalikubaliwa, yakiwemo mtumishi wa redio katika kila meli, utabiri bora wa hali ya hewa, na meli ya msaada yenye huduma za tiba.

Siku hizi kanuni za kimataifa huelekeza kwamba uthabiti wa chombo cha uvuvi kiendacho bahari hizo ukadiriwe pamoja na barafu ya kilo 30 kwa kila mita ya mraba ya sitaha iliyo wazi. Barafu ikizidi kiasi hicho, hakuna dawa ila kuipasua au kurudi bandarini mapema.