Ujazo wa Injini na Kalamu ya Mtoza Ushuru

Kwetu, neno V8 limekuwa jina la cheo. Likitamkwa barazani au bungeni, watu hawafikirii mpangilio wa silinda nane. Wanafikiria msafara wa mkubwa na mafuta yanayolipwa na mlipakodi. Kwa hiyo wanafunzi wangu hushangaa ninapoanza somo la sera ya kodi kwa habari za injini ya V8 iliyozaliwa Marekani, ikatupwa na wenyewe, kisha ikapata maisha mapya ndani ya magari ya Waingereza.

Kisa hiki hakieleweki bila kodi. Kuanzia mwaka 1921 Uingereza ilitoza magari pauni moja kwa kila nguvu moja ya farasi. Nguvu hiyo haikupimwa barabarani. Ilikokotolewa kwa kanuni iliyotazama idadi ya silinda na kipenyo chake tu. Ford Model T, iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima wa Marekani, ililipa pauni 23 kwa mwaka. Austin Seven ililipa 8. Wahandisi wa Uingereza wakaitikia kwa kuchora silinda nyembamba zenye mwendo mrefu wa pistoni, si kwa sababu ndizo zilizokuwa bora, bali kwa sababu fomu ya kodi haikuuliza urefu. Kanuni hiyo ilidumu hadi mwaka 1947, na mazoea yake yakaishi kuliko yenyewe.

Marekani hali ilikuwa tofauti. Petroli ilikuwa rahisi, na njia nafuu ya kupata nguvu ilikuwa kuongeza ujazo. Ndiyo maana injini ya Buick ya mwaka 1961 ilikuwa ya ajabu: V8 ya lita 3.5 iliyosubiwa kwa alumini, yenye uzito wa takriban kilo 145 tu. Lakini kuisubu kulikuwa kazi ya gharama, na vipande vingi viliharibika kiwandani. Kampuni ilipojifunza kusubu chuma chembamba zaidi, hesabu ikageuka. Baada ya mwaka 1963 injini ile iliachwa, na mwaka 1965 Rover ya Uingereza ikanunua haki ya kuitengeneza.

Sasa tazameni yaliyotokea kwa MG, kampuni iliyouza magari ya michezo kwa watu wa kipato cha kati. Gari lake maarufu, MGB, lilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1798. Mwaka 1967, likitafutwa gari lenye nguvu zaidi, ilitiwa injini ya chuma ya silinda sita, lita 2.9, na gari likaitwa MGC. Injini hiyo iliongeza zaidi ya kilo 90 puani. Springi za mbele zikabidi zibuniwe upya, boneti ikavimbishwa, na wajaribu magari wakalalamika kwamba pua ilikuwa nzito kwenye kona. Uzalishaji ulikoma mwaka 1969.

Mwaka 1973 MG ikarudi na MGB GT V8, ikitumia ile alumini ya Buick. Ujazo ulikuwa mkubwa kuliko wa MGC, lakini uzito wake haukuizidi injini ya kawaida ya silinda nne. Hata nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi ilikuwa ndogo: nguvu za farasi 137 dhidi ya 145 za MGC. Hata hivyo gari jipya lilikuwa na kasi zaidi na lilitii usukani. Mtu aliyesoma lita peke yake, au nguvu za farasi peke yake, angechagua vibaya.

Gari zuri, hata hivyo, halikushinda wakati wake. Lilizinduliwa Agosti, Oktoba vikwazo vya mafuta vikaanza. Lilikuwa ghali kuliko Ford Capri ya lita 3, na Marekani, soko kubwa la MG, halikupelekwa rasmi. Hadi mwaka 1976 yalitengenezwa 2,591 tu. Injini yenyewe iliendelea ndani ya Range Rover kwa miongo mingi.

Ninawaandikia hasa watumishi wa umma mnaoandaa viwango vya ushuru. Hata Afrika Mashariki, ushuru wa magari hutazama ujazo wa injini. Ni kipimo rahisi, kwa kuwa kimeandikwa kwenye hati na hakihitaji maabara. Lakini urahisi wa karani si haki kwa mlipaji. Ujazo hauonyeshi uzito wa gari, moshi wake, wala lita linazokunywa kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam. Anayenunua gari kuukuu lenye injini ndogo inayofuka huenda akasamehewa, na mwenye injini kubwa isiyochafua akatozwa.

Sisemi tuwapunguzie mzigo wenye ma-V8. Nasema tujiulize kwanza tunataka kupunguza nini: moshi, matumizi ya mafuta, au anasa? Kila jibu lina kipimo chake. Waingereza walipima kipenyo cha silinda, na kwa robo karne wakapata silinda nyembamba. Nasi tutapata kile tunachokipima.