Kuishi Jinja au Mbale ukiwa mkimbizi: haki zako, gharama na maisha ya kila siku

Jinja na Mbale ni majiji mawili ya mashariki mwa Uganda. Hakuna makazi ya wakimbizi karibu nayo, wala hakuna kituo cha kugawa chakula. Hata hivyo, zipo familia zinazotoka makazini kwenda kutafuta maisha huko, hasa tangu mgao wa chakula ulipoanza kupunguzwa. Ukurasa huu unaeleza mambo ambayo mgeni hukutana nayo katika majiji haya mawili, na mambo ya kukamilisha kabla ya kufunga mizigo.

Kumbuka jambo moja kuliko yote: ukihamia mjini, mgao haukufuati. Haki zako zinakufuata, lakini ni vigumu kuzidai kama karatasi zako zimepitwa na wakati.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kutembea ndani ya nchi, kutafuta kazi, kufanya biashara na kupata elimu ya msingi sawa na raia. Kwa hiyo kuishi Jinja au Mbale si kosa.

Tofauti iko kwenye msaada. Msaada wa chakula na fedha hutolewa kwa wanaoishi makazini. Kampala ndio mji ambao serikali huandikisha rasmi wakimbizi wanaoishi mjini, na hata huko wanatarajiwa kujitegemea. Ukiwa Jinja au Mbale, ofisi itakuhesabu bado kama mtu wa Nakivale, Kyangwali, Kiryandongo au popote ulipoandikishwa.

Kama bado ni mwomba hifadhi, maliza kwanza utaratibu wa kutambuliwa. Ukiitwa kwenye mahojiano ukiwa mbali, unaweza kupoteza nafasi yako.

Kabla ya kuondoka makazini

Hakikisha kila mtu wa nyumba yako yumo kwenye cheti cha familia, pamoja na watoto waliozaliwa karibuni. Angalia tarehe ya mwisho ya kitambulisho chako cha mkimbizi. Mjulishe kamanda wa makazi na uombe barua ya safari. Barua hiyo itakusaidia ukisimamishwa njiani.

Kisha mwachie jirani au kiongozi wa bloku namba yako ya simu. Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na UNHCR huhakiki watu mara kwa mara. Uhakiki mkubwa wa alama za vidole na macho ulifanyika nchi nzima mwaka 2018. Asiyejitokeza kwenye uhakiki, jina lake linaweza kusimamishwa kwenye daftari, na kulirudisha huchukua muda na nauli nyingi. Wengi waliohamia mjini wamepata shida kwa sababu hii tu: tangazo lilitoka makazini, na hakuna aliyewapigia simu.

Majiji haya ni ya namna gani?

Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala, mahali mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikafuata. Wafanyakazi walitoka kila upande wa Afrika Mashariki, na nyumba za Walukuba zilijengwa kwa ajili yao. Ndiyo maana hadi leo utasikia lugha nyingi katika mtaa huo. Wahindi walikuwa na maduka mengi katika barabara kuu hadi Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972 na kuwapa siku 90 waondoke. Wengi walianza upya Uingereza, wakiwa wageni London na Leicester. Baadhi yao walirudi miaka ya 1990 kudai mali zao. Kwa hiyo Jinja inajua habari za mtu kuacha nyumba yake ghafla.

Mbale iko chini ya safu ya Wanale, pembeni mwa Mlima Elgon. Ilikua mwanzoni mwa karne ya 20 kutokana na soko na makao ya Semei Kakungulu, kiongozi aliyetoka Buganda na wafuasi wake. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, huleta wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu wa milima hii nao wanajua kuhamishwa: baada ya maporomoko ya Bududa mwaka 2010, serikali iliwapeleka baadhi ya manusura Kiryandongo, ambako waligeuka majirani wa wakimbizi.

Miji yote miwili ilipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020.

Siku za kwanza: mwenyekiti wa LC1

Ukishapata chumba, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa huo. Nenda mchana, ukiwa na kitambulisho na mwenye nyumba wako au jirani atakayekutambulisha. Mweleze ulikotoka, kazi unayofanya na idadi ya watu wako. Omba uandikwe kwenye daftari la mtaa.

Usiichukulie hatua hii kama adabu tu. Barua ya LC1 huombwa ukitaka kumwandikisha mtoto shule, kumdhamini mtu polisi, kufungua akaunti au kujiunga na kikundi cha akiba. Mgeni ambaye mwenyekiti hamjui ndiye wa kwanza kushukiwa kitu kikiibiwa.

Kupanga nyumba

Familia nyingi huanza na chumba kimoja katika safu ya vyumba. Waganda hukiita *muzigo*, kwa hiyo usishangae ukiulizwa kama unatafuta "mizigo". Choo na bomba huwa vya wote. Uliza mapema kama maji na umeme vimo ndani ya kodi. Umeme wa Yaka hununuliwa kwanza ndipo utumike. Kama mita ni moja kwa vyumba vingi, kubalianeni mapema namna ya kuchangia.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakulinda nawe pia:

- Kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.
- Mkataba wa shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata wa chini ya hapo, dai risiti kila unapolipa.
- Mwenye nyumba hawezi kukufukuza bila amri ya mahakama, wala kukufungia mlango kwa nguvu.

Mbale, usipange nyumba karibu na mito Nabuyonga na Namatala, hata kama kodi ni rahisi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito hiyo ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Waulize majirani maji yalifika wapi mwaka huo. Watakuonyesha alama ukutani.

Lugha na salamu

Jinja wenyeji husema Lusoga, na sokoni Luganda hutumika sana. Mbale wenyeji husema Lumasaba, ambayo wengi huiita Lugisu. Kiswahili kitakusaidia kwa askari, madereva wa malori na wafanyabiashara, na Mbale zaidi kwa kuwa mpaka wa Kenya uko karibu. Lakini baadhi ya watu wazima bado hukihusisha Kiswahili na jeshi la zamani, kwa hiyo ukianza kwa Kiswahili cha haraka, mama wa sokoni anaweza kunyamaza. Msalimie kwanza kwa lugha yake.

Jinja, sema *Kodheyo*, na kushukuru ni *weebale*. Mbale, sema *Mulembe*, maana yake amani, na kushukuru ni *wanyala*. Ongeza *ssebo* kwa mwanamume na *nnyabo* kwa mwanamke. Usiulize bei kabla ya salamu. Kwa Mkongo aliyezoea kuanza na neno la biashara, hili ni somo la wiki ya kwanza.

Chakula na soko

Unachokijua kipo, ila kina jina lingine. Samaki wadogo wanaofanana na sambaza au ndagala huitwa *mukene*. Lengalenga huitwa *dodo*. Ugali wa mahindi huitwa *posho*. Busoga viazi vitamu ni chakula cha kila siku. Mbale utakuta matoke kwa wingi, na pia *malewa*, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo hupikwa na karanga.

Makazini ulikuwa na kiwanja na labda bustani. Mjini unanunua maji, makaa, kiberiti na hata mboga. Familia nyingi hushindwa hapa kuliko kwenye kodi, kwa sababu kodi huonekana mara moja kwa mwezi, lakini makaa huisha kila siku chache. Andika matumizi ya siku saba za kwanza, kisha uzidishe kwa nne. Hiyo ndiyo gharama yako halisi ya mwezi, kabla ya kodi, shule na ugonjwa.

Kazi na biashara

Wageni wengi huanza na kazi za mikono: kushona, kusuka nywele, kuuza vitenge, kukaanga chapati, kubeba mizigo sokoni au kusaidia mafundi. Meza ya sokoni au kibanda huhitaji leseni au ushuru wa jiji. Lipa kwa risiti, na uitunze. Kukimbizana na maaskari wa jiji hula mtaji haraka.

Kabla ya kuingia kwenye boda, uliza hivi: steji ni ya nani, mwenyekiti wake nani, na ada ya kujiunga ni kiasi gani? Boda asiye na steji hawezi kusimama popote kwa amani. Hata ukiwa abiria, patana bei kabla ya kupanda.

Kitambulisho cha mkimbizi kinakubalika kusajili laini ya simu, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako ndiyo itakayokuwezesha kutuma na kupokea pesa kwa simu. Usitumie laini ya rafiki kuhifadhi akiba yako.

Shule

Mwaka wa masomo una mihula mitatu na huanza kati ya Januari na Februari. Shule za msingi za serikali ziko chini ya mpango wa elimu kwa wote tangu 1997. Ada haitozwi kwa jina hilo, lakini utaombwa michango ya chakula, sare na mitihani. Uliza jumla kabla ya kumpeleka mtoto. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kurudishwa darasa la chini kwa sababu ya Kiingereza. Mweleze kwamba hajafeli.

Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na UNEB, na vya chuo hulinganishwa na NCHE. Vyote vinahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.

Afya

Matibabu katika vituo vya afya vya serikali ni bure, isipokuwa sehemu za kulipia. Anza kituo cha karibu. Wao watakuelekeza hospitali ya rufaa ya Jinja au ya Mbale. Beba daftari dogo la kuandikia, na uwe tayari kununua dawa zikikosekana. Ukitumia dawa za kila siku, ondoka makazini na barua ya kuhamishwa kutoka kituo chako ili usikatize tiba.

Busoga ina malaria nyingi. Ufuoni mwa ziwa, kama Masese, kuna pia kichocho: watoto wasioge wala kucheza majini, na mwenye damu kwenye mkojo au kinyesi apimwe haraka.

Imbalu

Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaba hutahiri vijana wao katika sherehe za *imbalu*. Uzinduzi hufanyika mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale. Vikundi hupita barabarani na ngoma na filimbi, na vijana wakiwa wamepakwa unga. Ni sherehe ya heshima kubwa. Simama kando, usipige picha bila ruhusa. Wewe mgeni huhusiki na kisu, na hakuna anayeruhusiwa kisheria kumtahiri mtu kwa nguvu.

Polisi na mpaka

Tembea na kitambulisho daima, na uache nakala nyumbani. Ukikamatwa, katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na dhamana ya polisi ni bure.

Mbale iko karibu na Kenya, na wengi huvuka kwa biashara. Kitambulisho cha mkimbizi si hati ya kusafiria nje ya Uganda. Ukivuka bila hati, utakamatwa kama mhamiaji asiye na kibali, na kesi inaweza kugusa hifadhi yako.

Je, familia nzima ihame?

Njia yenye hatari ndogo ni mtu mzima mmoja kutangulia kwa miezi mitatu, wengine wakibaki na kiwanja, shule na mgao kama bado upo. Kama baada ya miezi hiyo amelipa kodi bila kukopa na ameweza kutuma kitu nyumbani, mna msingi wa kuamua. Kama bado anaomba pesa kutoka makazini, mji haujakubali. Anaweza kurudi bila aibu, kwa kuwa nyumba bado ipo. Watoto wahamishwe mwisho wa muhula, si katikati.

Namba za kupiga

- Maswali na malalamiko ya wakimbizi, bila malipo: 0800 323232
- Polisi, dharura: 999 au 112
- Ukatili dhidi ya watoto: 116
- Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi ya kanda Jinja. Unaweza kwenda mwenyewe kueleza shida yako.