Merikani Iliyotoka Osaka

Merikani ni jina lenye hila. Kitambaa hicho kizito cha pamba kililetwa Zanzibar katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, na ndiyo maana kikaitwa hivyo. Lakini miaka ya 1930 merikani nyingi waliyovaa wazee wetu bara ilikuwa imefumwa Japani.

Mwaka 2019 nilipata siku moja ya mapumziko mjini Osaka. Asubuhi tulipelekwa kwenye ngome aliyoanza kuijenga Toyotomi Hideyoshi mwaka 1583. Wenzangu walinung'unika walipoambiwa kwamba mnara tunaoupanda kwa lifti ni wa zege, uliojengwa upya mwaka 1931 kwa michango ya wananchi. Mimi mwaka huo ndio ulionivutia. Siku zile Osaka iliitwa Manchester ya Mashariki kwa wingi wa viwanda vyake vya pamba, na tangu 1926 meli za Osaka Shosen Kaisha zilikuwa na safari za kawaida hadi pwani yetu.

Kwa nini Mwingereza hakuzizuia nguo hizo kulinda viwanda vyake? Mikono ilifungwa na mikataba. Ile ya Bonde la Kongo, na udhamini wa Tanganyika chini ya Shirikisho la Mataifa, ilidai milango iwe wazi kwa wafanyabiashara wa mataifa mengine. Mwaka 1934 London ilipoweka viwango vya kubana nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi, Afrika Mashariki haikuguswa. Kwa mkulima aliyeona bei ya mazao ikiporomoka tangu 1929, na kodi inamngoja, nguo rahisi haikuwa anasa. Ilikuwa ndiyo tofauti ya kuvaa na kutovaa.

Sisemi Mjapani alitupenda. Urahisi ule ulitokana na mashine bora, na pia na wasichana wa vijijini waliolala katika mabweni ya viwanda na kufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Wanawake walikatazwa zamu za usiku wa manane mwaka 1929 tu. Mwaka huohuo kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, fundi mkuu wa mitambo ya nguo, ilinunua haki za mtambo wa kufuma wa Toyoda. Ndiyo, ukoo uleule wa Toyota. Hiace zinazopakia abiria pale stendi ya Babati zina babu aliyefuma merikani.

Mchana nikaenda sokoni. Shangazi yangu wa Nangara alikuwa amenituma kanga ya Kijapani kama zile alizoolewa nazo miaka ya 1960, enzi ambazo wafanyabiashara kama Kaderdina wa Mombasa walichapisha kanga huko, maneno ya Kiswahili na yote. Nilizunguka Semba, mtaa wa nguo wa jumla, majengo 10 yaliyojipanga chini ya barabara ya juu kwa karibu kilometa nzima. Kanga hakuna. Muuzaji mmoja mzee alinisikiliza kwa adabu, akanitolea kitambaa cha bluu cha kufungia vitu, nikakinunua. Shangazi alikipenda sana, akakionyesha mtaa mzima. Mjukuu wake ndiye aliyesoma lebo: kimetengenezwa China.