Waliomwigiza Gavana

Kaskazini mwa Cabo Delgado hakuna jengo la maigizo. Hakuna pazia, hakuna tiketi, wala hakuna anayelipwa mshahara kwa kuigiza. Lakini mwaka 1979 Ruy Guerra, mzaliwa wa Lourenço Marques aliyekwisha kujipatia jina la utengenezaji filamu huko Brazil, alileta kamera zake Mueda, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, akawarekodi watu wa hapo wakicheza mchezo wao wenyewe juu ya mauaji ya mwaka 1960, mbele ya nyumba ile ile ya utawala wa Kireno yalikotokea. Filamu iliyotokana na kazi hiyo, *Mueda, Memória e Massacre*, inatajwa hadi leo kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza katika Msumbiji huru.

Mimi ni mtu wa Mute, kusini mwa Palma, mahali pa mihogo, mikorosho na minazi. Mchezo huo wa Mueda nimeucheza shuleni nikiwa kijana. Nimesoma na kusikia watu wakiueleza kana kwamba ulizaliwa na chama tawala, au na kamera. Sikubaliani nao. Watu wa huku walikuwa wameshawaiga watawala wao vizazi na vizazi kabla Mreno wa mwisho hajaondoka, na bila mazoea hayo mchezo wa Mueda usingepata wachezaji wala watazamaji wa kuuelewa.

Tuanze na watawala wenyewe, maana walikuja wengi. Ghuba ya Tungue, ambako Palma imesimama, ilikuwa ikidaiwa na Sultani wa Zanzibar mpaka Wareno walipoichukua kwa mizinga mwaka 1887. Mwaka 1894 Wajerumani wakaitwaa Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, na Wareno wakairudisha mkononi mwao mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu. Katikati ya hayo yote, nchi nzima kuanzia Ruvuma hadi mto Lúrio ilikuwa imekabidhiwa Kampuni ya Niassa, kampuni ya biashara iliyokusanya kodi na kuwakamata watu kwa kazi za lazima mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 1929. Katika maisha ya mtu mmoja mzee wa pwani hii, bendera zilibadilika, kofia za askari zikabadilika, na lugha ya amri ikabadilika. Aliyetaka kuishi ilimbidi amtazame mtawala kwa makini: anavyotembea, anavyokaa, anavyoashiria kwa mkono kabla ya kuagiza mtu apigwe. Mtu aliyemtazama mwenzake kwa makini kiasi hicho ameshakuwa nusu mwigizaji.

Wamakonde walikuwa na mahali pa kuyaweka waliyoyaona. Mapiko ni ngoma ya vinyago inayofungamana na jando. Kinyago chake huchongwa kwa mti mwepesi, huvaliwa kichwani kama kofia nzito, na mchezaji huonea kwenye tundu la mdomo huku mwili mzima umefunikwa nguo. Mtu wa nje huona ngoma tu. Aliyekulia karibu nayo anajua kwamba lipiko, yaani kinyago kimoja cha mapiko, ni mhusika: ana mwendo wake, ana tabia yake, na wapiga ngoma humfuata hatua kwa hatua mpaka kila mtu uwanjani amtambue. Zamani wahusika walikuwa wazee, wanawake wenye ndonya mdomoni, wafu waliorudi. Ulipokuja utawala wa wageni, wachongaji wakaanza kutoa sura za Wareno, za askari, za wafanyabiashara wa Kihindi na watu wa pwani wenye kofia. Kijiji kilishindana na kijiji. Mreno akipita njiani aliona sherehe ya wenyeji, kumbe katikati ya uwanja alikuwa anachezwa yeye.

Pwani nayo ilikuwa na yake. Katika miaka ya 1890, huko Lamu na Mombasa, vijana walianza beni, ngoma ya tarumbeta na magwaride yenye vyeo vya kubuni: mfalme, jenerali, amirali, daktari. Ikateremka Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi, ikajigawa makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti, na Vita Kuu ilipopita na maaskari na wapagazi wake, beni ikaenda mpaka ziwa Nyasa, ambako waliiita malipenga na mganda. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Watu wa kwetu waliokimbia kodi na kazi za lazima walivuka Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, na huko ndiko wengi wao walikoonja mambo haya: chama cha ngoma chenye karani, mweka hazina, sare na faini kwa anayechelewa. Wakirudi nyumbani walirudi wanajua kuendesha kikundi. Naona jambo hili ni kubwa kuliko ngoma yenyewe. Kikundi cha maigizo hakisimami kwa vipaji peke yake. Husimama kwa sababu kuna mtu anayekumbusha siku ya mazoezi na mwingine anayetunza nguo.

Na huko huko kwenye mkonge ndiko yalikotoka mambo ya mwaka 1960. Wamakonde walioko Tanganyika waliona nchi ile ikielekea kujitawala, wakaunda vyama vyao, na baadhi yao wakarudi Mueda kudai haki hiyo hiyo kwa Wareno. Majina yanayotajwa zaidi ni Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika kwa wingi mbele ya nyumba ya utawala kumsikiliza gavana wa jimbo. Alberto Chipande, ambaye baadaye alikuwa waziri wa kwanza wa ulinzi wa Msumbiji, alikuwepo, na ushahidi wake umo katika kitabu cha Eduardo Mondlane cha mwaka 1969. Anaeleza kwamba gavana alizungumza na viongozi ndani kwa saa kadhaa, kisha akatoka barazani na kuuliza nani anataka kusema. Waliotaka kusema aliwasimamisha upande mmoja. Kisha akaamuru wafungwe mikono. Watu walipojaribu kuzuia wenzao wasichukuliwe, askari waliokuwa wamefichwa wakafyatua risasi.

Idadi rasmi ya waliouawa ni kama 600. Wapo wanahistoria, akiwamo Mfaransa Michel Cahen, wanaosema waliokufa walikuwa wachache sana kuliko hao. Ubishi huo una mahali pake na watu wa nyaraka wauendeleze. Mchezo, kwa upande wake, haukuhesabu maiti. Ulitunza mpangilio: nani alisimama wapi, mlango upi ulifunguliwa, swali lipi liliulizwa kwa upole kabla ya kamba kutolewa.

Baada ya uhuru wa 1975 mchezo huo ukawa unachezwa Mueda kila tarehe 16 Juni, katika uwanja wa tukio lenyewe. Anayehusishwa na utunzi wake ni Calisto dos Lagos. Ukiitazama filamu ya Guerra, ya rangi nyeusi na nyeupe, utaona kitu ambacho watu wa majumba ya maigizo hawajakizoea. Wareno wote wanachezwa na Waafrika, tena kwa madoido, na watu waliozunguka uwanja wanacheka waziwazi. Kisha unafika wakati wa risasi, na watu wale wale ndio wanaokimbia na kulia. Hakuna mstari kati ya mchezaji na mtazamaji. Katikati ya mchezo filamu inaingiza manusura wanaosimulia kwa sauti zao waliyoyaona. Kicheko na kilio vinakaa uwanja mmoja, na hayo kwa mtu aliyekulia kwenye mapiko si mageni hata kidogo.

Kwetu Mute mchezo uliletwa na mwalimu mtu wa Mueda. Hakuwa na karatasi. Alitupanga chini ya mkorosho, akatuonyesha kwa mkono: hapa baraza, hapa bendera, hapa gari. Mimi nilipewa nafasi ya sipai, askari mweusi wa Mreno. Kofia yangu nyekundu ilishonwa na shangazi yangu kutokana na kitambaa cha kanga kuukuu, na kile kibao chenye matundu cha kupigia watu viganjani nilichongewa na fundi wa majahazi. Gavana tulimpaka unga wa muhogo usoni, tukamfunga mto tumboni. Alipotoka mlangoni, watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya gavana. Ilikuwa ya mkalimani. Yeye ndiye aliyepaswa kuchukua maneno ya Kireno na kuyatoa kwa lugha ya watu huku akitetemeka, maana alijua kinachokuja na hakuruhusiwa kukisema. Mwalimu alimrudisha mwenzetu aliyeshika nafasi hiyo mara nyingi, akimtaka asiigize woga bali aufiche. Hilo ndilo somo la kwanza la uigizaji nililolipata, na sijasikia lililo bora zaidi.

Siku ya mchezo ndiyo niliyojua kwamba wenye mchezo si sisi. Wazee waliowahi kufanya kazi kwenye mkonge walikuwa wamekaa mbele, na walitusahihisha pale pale, bila kungoja tumalize. Mmoja alinyanyuka akasema sipai hasimami hivyo, akachukua kibao mkononi mwangu, akasimama mwenyewe. Uwanja ukanyamaza. Alijua msimamo ule kwa sababu aliwahi kupigwa na mtu aliyesimama hivyo. Mwalimu akamwacha amalize, kisha akanirudishia kibao, tukaendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Alvim Cossa na wenzake wa Maputo walisambaza nchini maigizo ya mtindo wa Augusto Boal wa Brazil, ambamo mtazamaji huruhusiwa kuingia uwanjani na kubadili mchezo. Ni kazi njema na naiheshimu. Ila Mute watazamaji walikuwa wakiingia bila kuruhusiwa na mtu.

Katika miaka ile mchezo wa Mueda ulipoanza kuchezwa kila mwaka, mbali na pwani yetu wanakijiji wengine walikuwa wakiadhibiwa kwa mchezo wao. Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi na kucheza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ mwaka 1977. Serikali ikauzuia mwezi Novemba mwaka huo, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Mchezo wa Mueda ulimshutumu mtawala aliyekwisha kuondoka, kwa hiyo ulipigwa picha badala ya kupigwa marufuku. Tofauti hiyo ni ya kweli na haipendezi kuificha. Mila ya kumwiga mtawala ilikuwa na nguvu zaidi alipokuwa bado yupo.

Wanawake nao wana haki ya kutajwa. Kuanzia Ilha de Moçambique kupanda hadi Pemba na visiwa vya Quirimbas wao ndio wenye tufo, ngoma ya matari iliyotokana na maulidi, wakiwa wamevaa sare moja na kujipaka msiro mweupe usoni. Nyimbo za tufo hupasha habari: nani kaoa, nani kala fedha za kikundi, mkubwa gani kaja na ahadi gani. Mapiko yalikuwa siri ya wanaume, lakini baada ya vita vya ukombozi wanawake wa Kimakonde nao walivaa vinyago vyao. Mchezo wetu wa shule ulibebwa na wasichana, kwa sababu wao ndio waliokuwa umati, na umati ndio uliouawa.

Kisha vikaja vita vya sasa. Vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, mwishoni mwa mwaka 2020 vikawa vimefika Mute, na Machi 2021 Palma ikavamiwa. Watu wetu walitawanyika, wengine Pemba, wengine Nangade, wengine ng'ambo ya Ruvuma, na wengi wakaishia kambini Mueda kwenyewe. Mimi ni mmoja wa hao. Nilipita mbele ya uwanja tuliokuwa tumeupanga chini ya mkorosho nikiwa shuleni, nikatambua kila kitu: baraza, njia ya gari, mahali pa umati. Wazee wa Mueda niliozungumza nao wanakumbuka bado nani alimcheza gavana, nani alimcheza sipai, na nani alipokezwa nafasi baada ya mwingine kufa. Nafasi hizo zilirithiwa kama shamba. Kadiri nilivyosikia, majina yao yamo vichwani mwao tu.

Mtu aliyekuwa na miaka 20 kamera zilipofika sasa amepita miaka 65. Katika kukimbia, watu wengi wa pwani hii wamepoteza vinyago, ngoma, picha na sare. Maneno ya wahusika hawakuyaacha nyuma, kwa sababu hayakuwa mzigo. Kwa hiyo, msomaji wangu uliyeko Palma, Nangade, Mtwara, Lindi au Pemba: kama nyumbani kwenu kuna mama au babu aliyewahi kucheza tarehe 16 Juni, kaa naye. Mwulize alikuwa nani, alisimama wapi, alisema nini, na nani alimfundisha. Yaandike kwa Kimakonde, Kimwani au Kiswahili, vyovyote anavyosema mwenyewe, na uandike jina la mchezaji kando ya jina la mhusika. Fanya hivyo mwaka huu.